Irma Vep na genge la Les Vampires: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yeyote anayetaka kuanza kuitazama Les Vampires, picha ya Kifaransa ya mwaka 1915 na 1916, na pia wa wale walioikatia tamaa baada ya nusu saa ya kwanza. Baadhi ya majibu yanasimulia matukio ya ndani ya hadithi. Swali linalofichua mwisho limewekewa onyo.

Les Vampires ni nini hasa?

Ni mfululizo wa filamu kumi za sinema bubu, ulioongozwa na Louis Feuillade kwa kampuni ya Gaumont ya Paris. Sehemu mbili za kwanza zilitoka pamoja tarehe 13 Novemba 1915, na ya kumi ikatoka tarehe 30 Juni 1916. Ukizitazama zote bila kupumzika utakaa karibu saa saba. Urefu wa sehemu hauko sawa: ya pili inaisha kwa takriban robo saa, ya sita inakaribia saa nzima.

Hadithi yenyewe ni ya genge la wezi na wauaji linaloitesa Paris, na la mwandishi wa habari, Philippe Guérande wa gazeti la Le Mondial, aliyeapa kulifichua. Anasaidiwa na Mazamette, mtu mwenye pua ndefu na mdomo usiotulia hata katika picha isiyo na sauti. Mazamette alikuwa ndani ya genge kabla hajageuka. Mara kwa mara humtazama mtazamaji moja kwa moja, kana kwamba anamwuliza: umeona mambo haya?

Kuna wanyonya damu humo?

Hapana. Vampires ni jina la genge tu. Hakuna mizimu, hakuna jeneza linalofunguka usiku wa manane. Wapo majambazi wenye sumu, funguo bandia, magari na barua za mafumbo, na wengi wao mchana ni waheshimiwa: daktari, mkabaila, mfanyabiashara. Ukitafuta picha ya kutisha ya majini, hii siyo.

Stelingi ni nani? Maana kila mtu anamtaja Irma Vep, lakini naambiwa yeye ni adui.

Kwa karatasi stelingi ni Guérande. Ndiye mwema, ndiye mwenye mama mjane wa kumlinda, ndiye anayepata mchumba mzuri baadaye. Lakini waulize waliowahi kuitazama picha hii wanakumbuka nini, na ni wachache watakaomtaja Guérande kwanza. Wanamkumbuka Irma Vep.

Irma ni mwizi, mpelelezi wa genge na, ikibidi, muuaji. Kinachomtofautisha na wenzake ni kwamba yeye hubaki. Viongozi wa genge wanakuja na kuondoka: Mkuu wa kwanza wa Vampires, kisha Satanas, kisha Vénénos, mkemia wa sumu. Katikati anajitokeza pia Moreno, jambazi wa genge pinzani. Kila mmoja anajiona bwana, na kila mmoja anamhitaji Irma ili kazi ifanyike. Yeye ndiye anayeingia nyumbani kwa mwandishi akiwa mtumishi wa ndani, ndiye anayekaa kaunta ya benki kama karani mwaminifu, na ndiye anayefika hoteli ya Fontainebleau amevaa suti ya kiume na kujiita kijana wa ukoo bora, Vicomte Guy de Kerlor. Suti hiyo anaivaa kwa starehe kabisa, mkono mfukoni na sigara mdomoni.

Sidhani kama Feuillade alikusudia tangu mwanzo kwamba mwizi huyu ampokonye picha mwandishi wake. Lakini alikuwa na jicho. Alipoona mtu anawaka mbele ya kamera, alimwachia nafasi.

Nimetazama sehemu mbili na sijamwona Irma. Nimekosea picha?

Hujakosea. Irma anaingia sehemu ya 3. Guérande amefumbua daftari jekundu lenye maandishi ya siri, na fumbo linampeleka kwenye kilabu cha usiku cha mitaa ya hovyo kiitwacho Le Chat-Huant. Nje kuna bango lenye jina la mwimbaji: IRMA VEP. Guérande analikodolea macho, na mbele yetu herufi zinaanza kutembea zenyewe na kupangika upya hadi zinasomeka VAMPIRE. Kisha anaingia ndani na mwanamke mwenyewe yuko jukwaani, macho yamezungushiwa wanja mzito, anaimbia walevi.

Kwa utambulisho wa mhusika, sijui wa kuushinda katika sinema ya miaka ile. Kwa hiyo vumilia. Na ukiona sehemu ya 1 inakuchosha, na lile jumba la shamba na yule inspekta aliyekatwa kichwa, anza na ya 3 kisha urudi nyuma baadaye. Wapenzi wa dhati watanikatalia. Mimi naona heri mtu aingilie mlango wa nyuma kuliko abaki nje.

Nikiwa na usiku mmoja tu, nitazame sehemu gani?

Ya 6, ile ya macho yanayopumbaza. Ni ndefu na ina kila kitu: Mmarekani aliyetoroka na dola 200,000 za tajiri wake, ramani ya mahali alipozificha, magenge mawili yanayoiwinda ramani hiyo katika hoteli moja kwa usiku mmoja, na Moreno anayewalaza watu kwa macho na kuwatuma atakavyo.

Tazama hasa usiku wa hotelini. Irma anatoka chumbani na vazi lake jeusi na kunyata kwenye korido tupu, ubavu umegusana na ukuta. Hakimbii. Anasogea kwa hatua ndefu za taratibu, mabega yameshuka, kichwa kimetangulia kidogo kama anayesikiliza. Anaingia chumba cha mwenye ramani. Moreno tayari yumo ndani anamngoja, anamziba pua kwa dawa ya nusu kaputi na kumbeba. Kisha Moreno anafanya jambo ambalo ni nadra kuwaza: anamvika mtumishi wake aliyempumbaza vazi lilelile jeusi, anamkabidhi ramani na kumtuma kwa genge. Usiku, chini ya kofia ile, nani atajua kwamba aliyerudi siye aliyeondoka? Hatari inayoletwa na kipande cha kitambaa imeonyeshwa bila neno hata moja la maelezo.

Hilo vazi jeusi, kwa nini linazungumzwa sana?

Kwa sababu mwaka 1915 mwanamke wa heshima wa Paris alionyesha kifundo cha mguu kwa tahadhari. Irma Vep alijitokeza katika hariri nyeusi inayoubana mwili kuanzia kisigino hadi shingoni, na kofia inayofunika kichwa ikiacha uso tu. Ni vazi la kazi. Halinasi kwenye msumari, halipigi kelele, halionekani gizani, na linamwezesha aliyelivaa kupanda paa na kuteremka kwenye mabomba ya maji ya mvua. Lakini pia linaonyesha umbo lote, na watazamaji wa wakati huo waliliona hilo vizuri sana.

Kila mwizi wa kike mwenye nguo nyeusi ya kubana uliyemwona katika katuni au sinema ya baadaye ana deni hapa, hata kama aliyemchora hakuwahi kuiona picha hii.

Nani aliigiza Irma Vep?

Musidora. Jina lake la kuzaliwa ni Jeanne Roques, mzaliwa wa Paris, tarehe 23 Februari 1889. Jina la jukwaani alilichukua katika riwaya ya Théophile Gautier. Alikuwa mwigizaji wa majukwaa ya burudani kabla Feuillade hajamchukua, na hata baada ya Les Vampires hakukaa akingoja kupewa kazi. Aliongoza filamu zake mwenyewe, kati yake Pour Don Carlos ya 1921 na Soleil et Ombre ya 1922, akipiga picha hadi Hispania. Alikuwa rafiki wa karibu wa mwandishi Colette na walishirikiana katika kazi za sinema.

Hili la mwisho napenda watu walijue: katika miaka ya 1940 Musidora alifanya kazi kwenye Cinémathèque française, taasisi ya Paris inayohifadhi filamu za zamani, na aliendelea nayo karibu hadi mwisho wa maisha yake. Alifariki tarehe 7 Desemba 1957. Mwanamke aliyewaibia matajiri wote wa Paris kwenye skrini alimaliza kazi yake akisaidia kutunza filamu zisipotee. Kumwita mrembo wa sinema bubu na kuishia hapo ni kumnyima haki yake.

Kwa nini watu wanakufa na kutoweka ghafla? Hadithi inaonekana haikupangwa.

Haikupangwa sana, ni kweli. Feuillade hakufuata andiko kamili. Alibuni akiendelea, siku kwa siku, kwa kutumia mtu na mahali palipopatikana. Na kulikuwa na vita. Ufaransa ilikuwa vitani tangu Agosti 1914, wanaume walikuwa wakiitwa jeshini, na Feuillade mwenyewe aliandikishwa kabla ya kuachiliwa mwaka 1915 kwa sababu ya moyo. Mwongozaji asiyejua kama mwigizaji wake atakuwepo mwezi ujao hujifunza kuua wahusika haraka.

Ushindani nao ulikuwa mkali. Kampuni ya Pathé ilikuwa inaandaa kuleta Paris Les Mystères de New York, mfululizo wa Kimarekani wenye nyota Pearl White, na ulianza kuonyeshwa Desemba 1915. Gaumont walitaka kuwa wametangulia. Wiki zile kuta za Paris zilibandikwa mabango ya uso uliofunikwa barakoa na alama ya kuuliza, bila maelezo mengi, ili watu wajiulize.

Ukishajua haya, mashimo ya hadithi hayaudhi tena. Mimi naona ndiyo yanayoipa picha uhai wake: hakuna mtu aliye salama, na mtazamaji hawezi kubashiri kwa kutegemea mazoea. Kipo pia kitu kimoja kinachowashangaza waliozoea sizoni za leo. Sehemu nyingi hazikuachi ukining'inia. Kila moja ina mkasa wake unaofika mahali pa kutulia.

Kama ilipigwa wakati wa vita, mbona vita haionekani?

Haionekani kabisa, na hilo ndilo linalonigusa zaidi kila ninapoirudia. Feuillade alipiga picha nyingi nje, katika mitaa halisi. Tazama nyuma ya wahusika: barabara pana karibu tupu, ukuta mrefu, nyasi za pembezoni mwa mji, gari moja linapita. Mji ulikuwa umepungukiwa na vijana wake. Picha haisemi neno juu ya mstari wa mbele, lakini hofu imejaa kila chumba. Mlango wa kabati unafunguka na mtu anatoka. Mchoro ukutani una tundu nyuma yake. Katika sehemu ya 5, genge linaandaa karamu ya wakubwa, milango inafungwa kwa nje, harufu nzuri inapulizwa ukumbini, na wageni wanaanguka mmoja mmoja na mikufu yao shingoni, tayari kuvuliwa. Jeshi la Wajerumani lilikuwa limetumia gesi ya sumu huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Watazamaji hawakuhitaji kukumbushwa.

Vijana wawili waliotumikia jeshi kama wasaidizi wa tiba, André Breton na Louis Aragon, waliipenda kwa moyo wote. Baadaye walikuwa kati ya waasisi wa usurealisti, harakati ya sanaa inayothamini ndoto na mambo yasiyotegemea mantiki, na mwaka 1928 waliandika mchezo wa jukwaani kwa ajili ya Musidora.

Je, genge hili liliwahi kuwepo?

Genge lenyewe ni la kubuni, lakini watu wa Paris walikuwa na la kweli kichwani. Mwaka 1911 na 1912 genge la Bonnot, kundi la waanakisti (wapinzani wa serikali ya aina yoyote) wenye silaha, liliitikisa Ufaransa. Tarehe 21 Desemba 1911, katika mtaa wa Ordener, walimpiga risasi tarishi wa benki, wakachukua mkoba na kutoroka kwa motokaa, wakati ambapo polisi wengi walikuwa bado wanategemea baiskeli na farasi. Katika Les Vampires magari ya majambazi nayo hufika kabla ya sheria.

Ni kweli polisi waliipiga marufuku?

Mamlaka ya polisi mjini Paris iliizuia kwa muda, kwa hoja kwamba inawapamba wahalifu na kuwadhalilisha walinda usalama. Hoja ya pili ina ukweli: polisi ndani ya picha hufika wakiwa wamechelewa, na kazi hufanywa na mwandishi na rafiki yake. Inasimuliwa kwamba Musidora mwenyewe alikwenda kumwona mkuu wa polisi na kumlainisha. Zuio liliondolewa na mfululizo ukaendelea.

Kamera imesimama kama nguzo. Ni kwa sababu ya ushamba wa zamani?

Hapana, ni uchaguzi. Wakati huohuo Marekani, mwongozaji D. W. Griffith alikuwa anakatakata picha kwa kasi na kusogeza nyuso karibu. Feuillade alibaki nyuma, akaweka kamera mahali pamoja na kuwapanga waigizaji kwa kina, mmoja mbele, mwingine mlangoni, wa tatu dirishani. Jicho lako ndilo linalofanya kazi ya kuchagua. Jaribu hivi: katika chumba chochote, acha kumtazama anayejitikisa mbele. Angalia pazia na mlango wa nyuma. Hatari huanzia huko, na mara nyingi utaiona kabla ya Guérande.

Maneno yamo kwa lugha gani? Na muziki?

Maneno huja kwenye kadi kati ya picha na picha, kwa Kifaransa katika toleo la asili, na matoleo mengi yana kadi au manukuu ya Kiingereza. Kadi hazikuwa nyingi sana, hivyo ukitazama na familia mtu mmoja anaweza kuwasomea wengine kwa Kiswahili bila kukosa chochote.

Muziki haukurekodiwa na filamu, ulipigwa papo hapo ukumbini. Kwa hiyo kila toleo la leo lina muziki wake mpya. Toleo la Kino Classics la mwaka 2012 lina muziki wa Mont Alto Motion Picture Orchestra, na ndilo ninalolipendekeza. Ukikuta nakala yenye piano inayorudia kitu kilekile saa nzima, zima sauti. Nafuu ukimya.

Inafaa kwa watoto?

Damu haimwagiki hovyo, lakini kuna kichwa kilichokatwa ndani ya sanduku, sumu nyingi na watu kunyongwa. Ningesubiri mtoto afike miaka kumi na miwili hivi.

Irma Vep alikuwa mwanamke wa kwanza wa aina hii kwenye skrini?

Hakuwa. Mwaka 1913 Victorin Jasset alitoa Protéa, ambamo Josette Andriot ni jasusi wa kike mwenye sura nyingi, naye alivaa nguo nyeusi ya kubana kabla ya Musidora. Mwaka 1915, mjini Turin, Italia, Mario Roncoroni aliongoza Filibus, kisa cha mwanamke mwizi anayeshuka kutoka chombo cha angani kwa kamba, anayejifanya baroni wa kike leo na kijana wa kiume kesho, na kumsingizia mpelelezi wizi wake. Huko Marekani, Grace Cunard aliigiza mwizi jasiri katika The Purple Mask, mfululizo wa Universal wa sehemu 16 ulioanza mwishoni mwa 1916, na aliuongoza yeye pamoja na Francis Ford. Wote hawa wanastahili kujulikana. Irma aliwazidi umaarufu kwa sababu picha yake imebaki nzima kwa kiasi kikubwa na kwa sababu Musidora hakuwa na mfano.

(Onyo: mwisho unafichuliwa.) Irma anaishia vipi?

Kabla ya mwisho anapona mambo ambayo mtu hapaswi kupona. Katika sehemu ya 8 anahukumiwa na kupakiwa melini kupelekwa Algeria kutumikia kifungo. Satanas anailipua meli. Anadhaniwa amekufa, kumbe amerudi Paris akiwa amejishika chini ya behewa la treni, kati ya magurudumu.

Katika sehemu ya 10 anafunga ndoa na Vénénos. Genge linacheza na kunywa usiku kucha, na alfajiri polisi wanavamia. Wengi wanakimbilia roshani ambayo Guérande alikwishaiharibu mihimili yake usiku, nao wanaanguka. Irma anashuka kwenye chumba walimofungiwa mateka, na Jane, mkewe Guérande, anampiga risasi. Inakwisha haraka sana. Wapo wanaosema ni haki. Mimi nasema Feuillade alilazimika kumwua ili mamlaka iridhike, na alifanya hivyo kwa haraka ya mtu asiyeipenda kazi hiyo.

Naipata wapi, na ni halali?

Feuillade alifariki Februari 1925, hivyo katika nchi nyingi hakimiliki ya filamu yenyewe imekwisha na nakala zake ziko huru kwenye Internet Archive na kwingineko. Muziki mpya na ukarabati vinaweza kuwa na ulinzi wao. Epuka nakala zenye picha iliyofifia au zilizokatwa hadi saa mbili. Tafuta zinazotokana na ukarabati wa Cinémathèque française, uliosimamiwa na Jacques Champreux, mjukuu wa Feuillade.

Nikimaliza, nitazame nini?

Judex ya mwaka 1917, ya Feuillade huyohuyo. Safari hii alimfanya mwema awe shujaa kweli, mwenye joho jeusi, ili asigombane tena na polisi. Musidora yumo pia, akiwa Diana Monti, bado mwizi, bado hatari. Fantômas ya 1913 na 1914 ifuate, filamu tano. Halafu Filibus, ambayo ni saa moja na dakika chache tu, na itazame Jumapili mchana ukiwa na mtu anayependa vyombo vya angani.